Nataka kufundisha watoto wa yuniti maalum lakini mamangu hataki hata kusikia

Hujambo Mwalimu,

Natumai uko salama. Mimi ni msichana wa miaka 21, niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Thika Road, nafanya digrii ya ualimu na masomo yangu ni Kiswahili na Historia. Nakaa Kahawa Wendani na wasichana wengine wawili. Nimesoma majibu yako kitambo na najua ulifundisha watoto wenye ulemavu hadi ukastaafu, ndio maana nimeona nikuandikie wewe juu huku kwetu sina mtu wa kuniskiza.

Likizo ndefu ya mwaka jana nilikuwa natafuta kazi yoyote ya kunisaidia na rent, rafiki yangu akaniambia kuna shule ya msingi ya serikali huku Eastlands iko na yuniti ya watoto maalum na mwalimu wa hapo anatafuta mtu wa kumsaidia, pesa ni ya nauli tu na lunch unakula na watoto. Nikaenda hivyo tu bila kujua chochote. Watoto walikuwa tisa, wengi wana usonji, yaani autism, wawili wana Down sindromu na mmoja ana mtindio wa ubongo anatumia kiti cha magurudumu. Wiki ya kwanza nilitaka kutoroka. Lakini kulikuwa na kijana mmoja wa miaka kumi hivi, haongei, kila asubuhi anasimama mlangoni hataki kuingia, mwalimu akanionyesha kadi za picha, moja ya begi, moja ya kiti, moja ya uji, unamwonyesha moja baada ya nyingine anajua nini inafuata, anaingia. Kuna asubuhi nilichelewa juu ya jam ya Outering, kufika nikampata amesimama pale mlangoni na kadi ya uji, akaniwekea mkononi. Mwalimu sijui nikuelezee aje. Tangu hiyo siku nikikaa darasani lekcha anaongea mambo ya sarufi mimi akili yangu iko kule yuniti.

Sasa shida zangu. Ya kwanza ni mamangu. Anauza mitumba Gikomba na amenilea peke yake, mjomba ndiye anatuongezea karo. Nilipomwambia nataka kuhama niende elimu maalum alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza, "Kwa hivyo nimebeba marobota miaka hiyo yote ndio uende kupangusa watu makamasi?" Mjomba naye akasema ukikaa sana na hao watoto utakuja kuzaa kama hao, tena mwanamume gani atakuja kukuposa ukiwa unashinda huko. Mamangu hakusema kitu, hakumkataza, na hiyo ndio iliniuma kuliko hata yale maneno.

Ya pili, mimi mwenyewe sina uhakika naweza. Kuna siku huyo huyo kijana wa kadi aliniuma mkono, alama iko hadi saa hii. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini nikaachwa na watoto wote, kengele ya breki ikalia, wale watoto wa madarasa mengine wakatoka mbio na kelele vile watoto hutoka, mimi nikawa namvuta mkono twende nje na wenzake, akaniuma. Nililia mbele ya darasa lote. Nikajiuliza kama hii kitu niko nayo ni wito kweli ama ni huruma tu itaisha.

Ya tatu ni mambo ya makaratasi. Kila mtu ananiambia lake. Mmoja anasema nihamie digrii ya elimu maalum saa hii kabla sijachelewa, mwingine nimalize hii kisha niende KISE, ile taasisi ya serikali ya elimu maalum, mwingine anasema hata nisisumbuke, niende nikuwe shado ticha kwa shule za private, wazazi wa Kileleshwa wanalipa vizuri na hawaulizi cheti. Naomba uniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Ni mimi, Niliyekwama, Wendani

*

Binti yangu wa Wendani,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Naomba nianze na hilo la kuumwa, kwa sababu umeliandika kama ushahidi kwamba hufai na mimi nimesoma kitu kingine kabisa.

Umeandika mwenyewe kengele ililia. Umeandika watoto walitoka mbio na kelele. Halafu umeandika ulikuwa unamvuta mkono kuelekea huko huko kwenye kelele. Watoto wengi wenye usonji sauti inawaingia kwa nguvu sana, kengele ambayo wewe unaisikia na kuisahau kwake inaweza kuwa inauma, na huyu ni mtoto haongei, hawezi kukuambia dada niache kidogo, ngoja hawa wapite. Alikuambia na meno. Mwalimu aliyesomea hii kazi jambo kama hilo likitokea anachukua daftari, anaandika nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na baada ya hapo nini kilifuata, hivyo tu, kila mara likitokea, na baada ya wiki mbili tatu anafungua kurasa anaona, kumbe ni saa ya breki kila siku, kumbe Ijumaa kukiwa na parade ni mbaya zaidi. Hapo sasa anajua abadilishe nini. Pengine anamtoa nje dakika tano kabla ya kengele, pengine anamtengenezea kadi ya breki kama zile za uji na begi ili isimpate ghafla, pengine anamwacha ndani hadi msongamano upungue. Wewe hukuwa na daftari wala hukuwa na mtu wa kukufundisha, lakini mpaka leo unakumbuka kengele. Mtu ambaye hii kazi haimfai angeniandikia tu kwamba mtoto ni mkorofi.

Na hukupaswa kuachwa peke yako na watoto tisa. Hilo nalisema wazi na wakuu wa shule wanaosoma hapa wasikie. Msaidizi wa kujitolea ambaye hajapata mafunzo haachwi na yuniti hata dakika kumi, kwa usalama wa watoto na kwa usalama wake mwenyewe. Ukirudi huko, na natumai utarudi, siku ya kwanza muulize mwalimu akitoka nani anaingia.

Sasa hilo swali lako la wito ama huruma, mimi nakuomba uliweke kando, maana unaweza kujiuliza hivyo hadi ufikishe miaka 40. Kuna lingine ambalo litakusaidia zaidi na watu wote waliokushauri wamelipita: unataka kufundisha mtoto gani? Elimu maalum ni kazi nyingi zimewekwa chini ya jina moja. Mtu anafika chuoni anaambiwa chagua eneo lako, anachagua lile ambalo foleni yake ni fupi, halafu anajikuta miaka yote iliyobaki kwenye darasa ambalo hakuwahi hata kuliona. Nimewafunza kazi walimu wadogo wa aina hiyo na wengine wao walikuwa na moyo mzuri sana, lakini walichoka wakaishiwa nguvu.

Tuanze na hiyo yuniti uliyoipenda. Kwenye mtaala wa umilisi watoto wetu wenye ulemavu wanapitia njia mbili. Kuna wanaofuata mtaala wa kawaida kwa umri, gredi kwa gredi, ukirekebishwa hapa na pale, na kuna wanaofuata njia ya hatua, ambapo hatuhesabu gredi, mtoto anaanza hatua ya msingi, anakwenda ya kati, halafu maandalizi ya ufundi, halafu ufundi wenyewe. Watoto wenye usonji mzito ama ulemavu wa akili wengi wako hii njia ya pili. Hapo Kiswahili chako cha ngeli na Historia ya ukoloni hutavifundisha. Utafundisha kuomba maji, kwenda choo, kuvuka barabara, kushika shilingi hamsini na kujua inanunua nini.

Nikupe mfano wa kifungo cha shati. Wewe unaona ni kitu kimoja, kufunga kifungo. Kaa chini na shati lako saa hii ulifunge polepole uhesabu, utaona ni vitendo vingi vimeunganishwa, kutafuta tundu, kushika ukingo wa nguo kwa mkono huu, kushika kifungo kwa ule mwingine, kukigeuza upande, kukisukuma, kukipokea ng'ambo ya pili, kukivuta. Mtoto ukimwanzisha mwanzo atachoka katikati, kila siku anajifunza kushindwa. Kwa hivyo tunaanza mwisho. Mwalimu anafanya yote, anasukuma kifungo hadi nusu kitokee, mtoto kazi yake ni kuvuta tu hicho kipande kilichobaki, na shati limefungwa na aliyelifunga ni yeye. Akikizoea hicho unarudi nyuma hatua moja. Inaweza kuchukua muhula mzima, na kwenye IEP, ule mpango wa mtoto mmoja mmoja tunaoandika pamoja na mzazi, utaandika kifungo kimoja, na Disemba mama yake atakuja kukuonyesha video kwa simu huku machozi yanamtoka. Kama ukisoma haya unasikia hamu ya kujaribu, hapo ni kwako. Kama unasikia moyo unazama, bado si mwisho, kuna madarasa mengine.

Kuna wasioona. Mwanafunzi asiyeona anayefuata mtaala wa kawaida anasoma fasihi ile ile, historia ile ile, anafanya mtihani wa KNEC, baraza la mitihani, ule ule ulioandikwa kwa breli, na anahitaji mwalimu wa Kiswahili kama wewe. Hapo masomo yako yote mawili yanaishi. Kitu utaongeza ni breli yenyewe, ambayo ni nukta sita tu zinazopangwa kwa namna tofauti, mashine yake ina kitufe kimoja kwa kila nukta unavibonyeza pamoja kama mtu anayepiga kinanda, na ukitumia kile kibao cha mkono unadunga karatasi kutoka kulia kwenda kushoto ili ukigeuza isomeke kutoka kushoto. Utajifunza pia kufundisha ramani ya uhamiaji wa Wabantu kwa uzi na gundi, mwanafunzi aipitie na vidole. Wewe uko Wendani, Thika ni matatu moja. Shule ya msingi ya wasioona ya pale ilianzishwa na Jeshi la Wokovu 1946, na shule ya upili ya wasioona iko Thika hapo hapo. Andika barua, omba kuingia darasani siku moja ukae nyuma uangalie. Hapa mjini Kilimani Primary ina watoto wasioona wanaosoma pamoja na wenzao. Na kama unataka kulinganisha na yuniti nyingine ya usonji, City Primary upande wa Ngara wanayo.

Halafu kuna viziwi, na hapa nakuomba uskize vizuri sana kwa sababu wewe ni mwalimu wa Kiswahili na sidhani kuna mtu amekuambia. Kwenye mtaala, mwanafunzi kiziwi nafasi ya Kiswahili anaweka Lugha ya Ishara ya Kenya, KSL, na anaifanyia mtihani kama somo. Kwa maana hiyo ukienda shule ya viziwi na Kiswahili chako mkononi unaweza kukosa kipindi, labda Historia ikubebe, na hiyo Historia utaifundisha kwa ishara, si kwa kuandika ubaoni ukigeuza mgongo. KSL ina sarufi yake kamili, na Katiba yetu ya 2010 imeitaja, hata Bungeni ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Nimeona walimu wanatumwa shule za viziwi wakijua salamu tu, wanabaki kuandika notisi ubaoni watoto wakinakili bila kuelewa, muhula baada ya muhula. Hilo linaniumiza hadi leo. Kama moyo wako uko huko basi jifunze lugha yao hadi uote nayo, kabla hujaomba nafasi.

Ukishajua mtoto wako ni nani ndio tunaingia makaratasi.

TSC, tume ya walimu, ili wakusajili kama mwalimu wa sekondari kwa digrii wanaangalia C+ ya KCSE kwa jumla na C+ kwa kila moja ya masomo mawili unayofundisha. Hiyo wewe tayari uko ndani yake. Digrii ya elimu maalum iko Kenyatta, iko Maseno, na ni digrii nzuri, mimi siipingi hata kidogo. Ungekuwa mwaka wa kwanza wiki za mwanzo ningekuambia kimbia ofisini kesho. Lakini uko mwaka wa pili, uhamisho kwa kawaida hufanywa mapema, na hata wakikukubalia kuna yuniti za masomo utarudia na pengine mwaka utaongezeka, na mwaka ukiongezeka ni karo ya mamako na mjomba. Kwa hivyo kabla hujajaza fomu yoyote nenda kwa mkuu wa idara ya elimu maalum na swali la kwanza liwe hili, nikihamia nitabaki na masomo mawili ya kufundisha yanayotambuliwa na TSC ama nitapoteza moja? La pili, ni yuniti gani zangu mtazikubali? La tatu ni la Helb, mkopo wako utakuwaje kozi ikirefuka. Upate majibu kwa maandishi, hata kama ni emaili, maneno ya korido hayakubaliki baadaye.

Mimi nikikutazama kutoka hapa nilipo, maoni yangu ni umalize hiyo unayofanya. Chukua kila yuniti ya elimu maalum ambayo chuo kinakuruhusu kuongeza. TP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, ikifika usikubali tu shule yoyote iliyo karibu na hosteli, omba mapema uwekwe shule yenye wanafunzi wasioona ama yuniti, wahadhiri wengi wanafurahi mwanafunzi akija na ombi kama hilo maana wengi wanakimbia. Ukimaliza, sajili TSC, upate namba yako, halafu ndio uongeze elimu maalum juu yake, iwe ni diploma ya KISE ama shahada ya uzamili, Kenyatta wanayo. KISE iko hapo Kasarani, ilianzishwa 1986 kwa kazi hii hii ya kuandaa walimu wa elimu maalum, na wana pia kozi fupi za KSL na breli, hizo hazingoji umalize digrii. Mtu mwenye Kiswahili, Historia, namba ya TSC, na breli iliyokamilika, huyo shule ya wasioona haiwezi kumwacha mlangoni.

Kwa nini sikuambii uhame kwa sababu ya ile yuniti? Kwa sababu bado hujaona madarasa mengine. Umependa mtoto mmoja na kadi moja, na hicho ni kitu kikubwa sana sikidharau, lakini nenda kwanza uone Thika, uone shule ya viziwi, urudi yuniti, kisha uniambie. Ukirudi na bado ni kijana wa kadi, basi utajua unatafuta diploma gani na utaisoma ukiwa na picha yake kichwani.

Hii ya shado ticha nitaipitia haraka. Ni kazi halali na wengine wanaifanya vizuri mno, kumsindikiza mtoto mmoja ndani ya darasa la kawaida na kumsaidia afuate. Ila unalipwa na mzazi, mara nyingi bila mkataba, mtoto akihama shule kazi imeisha, na mzazi asiyeuliza cheti leo hatakutetea kesho mtoto akianguka ngazi. Fanya likizo ukihitaji pesa, na uandikishane na mzazi hata kwa karatasi ya kawaida, kazi ni ipi, saa ngapi hadi saa ngapi, nani anamhudumia choo. Usiache chuo kwa ajili yake.

Kuhusu pesa kwa jumla, sitakudanganya. Kungoja TSC kunaweza kuchukua muda, walimu wa elimu maalum nao wanangoja kama wengine. Ukishaajiriwa, mwalimu aliyesomea na anayefundisha shule maalum analipwa posho ya shule maalum juu ya mshahara wake. Mwambie mamako hilo, wazazi wanahitaji kusikia kitu kinachoshikika.

Na sasa mamako. Huyu mama mimi namwelewa na naomba usimchukie kwa ule ukimya. Mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi robota Gikomba anapigia hesabu siku ambayo wewe utakuwa na kazi yenye payslip, na uliposema nataka kuhama yeye alisikia nataka kuacha. Ukifuata niliyokuambia hapo juu huachi chochote, digrii ni ile ile, mwaka wa kumaliza ni ule ule. Mwambie hivyo kwanza, mkiwa wawili, mjomba asiwepo.

Maneno ya mjomba nayo yajibiwe kwa upole lakini yajibiwe, kwa sababu yakiachwa hivyo yanakaa kwenye nyumba. Hakuna ulemavu unaoambukizwa kwa kukaa na mtoto. Down sindromu inatokana na kromosomu moja ya ziada, ya 21, mtoto anazaliwa na 47 badala ya 46, imeshaamuliwa kabla hajaonekana hata kwa skani. Mtindio wa ubongo ni ubongo kudhurika ukiwa bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa ama muda mfupi baadaye, mtoto amekosa hewa, ama manjano kali haikutibiwa, ama homa ya uti wa mgongo. Usonji hauletwi na laana wala na malezi ya mama. Mimi nilifundisha yuniti nikiwa na mimba zangu zote, nikibeba hao watoto kutoka kwenye basi, na kama mjomba angependa kuniuliza aniandikie, nitamjibu bila hasira. Wazazi wengi wameficha watoto ndani kwa sababu ya maneno kama yake, na kama kuna anayesoma hapa ana mtoto ambaye hajui afanye nini naye, vituo vya EARC vya kupima watoto na kuwaelekeza shule vipo tangu 1984, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, ama uende KISE penyewe, wana kituo cha upimaji. Katiba kifungu cha 54 kinampa huyo mtoto haki ya shule.

Lakini hizo hoja zote, kromosomu na Katiba, hazitambadilisha mamako peke yake. Ana ujuzi ambao unauhitaji. Rudi ile yuniti likizo ijayo, na kabla uende muombe akutolee kwenye robota nguo chache za watoto, zenye vifungo vikubwa, zenye zipu nzito, zenye velkro, hata zile za gredi ya chini ambazo haziuziki, muulize yeye mwenyewe ni zipi mtoto mwenye vidole vigumu anaweza kuzifunga. Hiyo ni kazi anayoijua kuliko mimi na wewe, ameshika nguo maisha yake yote. Mwambie ni za somo. Halafu siku ya kufunga muhula, wazazi wanapokuja kuona watoto wamefanya nini, mwalike. Usimhubirie chochote. Mkalishe karibu na wale mama wengine, wengi wao ni wa biashara ndogo ndogo kama yeye, wataongea wenyewe.

Kwa hivyo wiki hii andika hizo barua za kuomba kutembelea, moja Thika, moja shule ya viziwi, moja kwa mwalimu wa yuniti yako ya zamani, uweke tarehe na namba yako ya simu na barua ya chuo inayokutambulisha, maana shule haimruhusu mtu tu kuingia kwa watoto. Na upite Kasarani uulize darasa la KSL linaanza lini. Usingoje likizo.